Nationals wasajili mrushaji mkubwa sasa hivi? Mimi nasema wasubiri

Mkuu mleta mada, umeuliza kama Washington Nationals, timu ya besiboli ya Marekani iliyomaliza 2025 na ushindi 66 na vipigo 96, wafungue pochi wasajili mrushaji mkubwa wa kuanza mechi (yule anayemtupia mpigaji mpira) ambaye mkataba wake umeisha. Naona wadau wengi wanakujibu kama vile tunajadili usajili wa straika. Besiboli ina mambo yake. Ni kweli mchezaji huru hana ada ya kulipa klabu yake ya zamani, lakini ukishasaini naye, hela yote ni yake: aumie, ashuke kiwango, utalipa mpaka senti ya mwisho. Tena kama aliikataa ile ofa rasmi ya mwaka mmoja kwa timu yake, wewe unayemchukua unanyang'anywa na nafasi za kuchagua chipukizi kwenye drafti.

Mimi niko Silver Spring, jirani na Washington, naishabikia timu hii tangu enzi za mrushaji wetu Max Scherzer, kwa hiyo haya yamenikuta.

Desemba 2018 tulimsajili Patrick Corbin, miaka 6, dola milioni 140. Alikuwa na miaka 29, anarusha kwa mkono wa kushoto, na silaha yake kubwa ilikuwa moja tu: slaida. Ukipata kiti cha chini nyuma ya mdakaji uliiona vizuri. Mpira unatoka mkononi kama ule wa kasi, mpigaji keshaanza kuzungusha gongo, halafu mwishoni kabisa unadidimia hadi vumbini karibu na kiatu chake cha nyuma. Gongo linapiga hewa, mtu anageuka kumtazama mwamuzi kana kwamba kaibiwa. Msimu huo wa 2019 alirusha iningi 202 (mechi moja ina vipindi hivyo 9) na kuruhusu wastani wa pointi 3.25 kwa kila iningi 9.

Kufikia 2021 wapigaji walishamsoma. Slaida ikienda vumbini wanaiacha, ikibaki juu wanaitandika, na mpira wake wa kasi peke yake haukuwahi kumtisha mtu. Wastani ukawa 5.82. Mwaka uliofuata 6.31, na mechi 19 zikapotea kwa jina lake. Na kwa sababu hela imeshatoka na timu haina mtu mwingine, zamu yake ikifika anapanda tena kilimani, pale mrushaji anaposimama. Sifa moja tumpe, hakuwa mtu wa kukwepa zamu.

Utasema basi usajili ule ulikuwa hasara. Mimi sikubali. Tarehe 30 Oktoba 2019, Houston, mechi ya 7 ya fainali, Scherzer ametoka baada ya iningi 5 tukiwa nyuma 2-0. Akaingia Corbin, iningi 3, hakuruhusu pointi hata moja. Katikati ya hapo mpigaji wetu Howie Kendrick akaupiga ule mpira uliogonga nguzo ya kulia, ikawa homurani, yaani mpigo wa kuzunguka vituo vyote. Tukashinda 6-2, na ushindi ukaandikwa jina la Corbin. Milioni 140 zilinunua usiku ule, miaka iliyobaki ilikuwa marejesho ya mkopo.

Wa kulaumu ni mkataba uliofuata. Stephen Strasburg, mchezaji bora wa fainali, umri 31, kiwiko kilichokwisha kupasuliwa 2010, akapewa miaka 7 na dola milioni 245. Baada ya kusaini alicheza mechi 8. Nane!

Kwa hiyo kabla ya kumpima mrushaji, ipime timu. Ile ya 2019 ilikuwa na wapigaji Rendon, Turner na Juan Soto, kwa hiyo ule msimu mtamu wa Corbin ulipata pa kutumika. Hii ya sasa? Mrushaji anaanza mechi moja katika kila tano. Mlete aliye bora kuliko wote, utapoteza 90 badala ya 96, na timu ikija kukomaa yeye ana miaka 33 na bega linauma.

Kama lazima wasajili, waige San Francisco Giants walivyomsajili mrushaji Blake Snell. Alitwaa Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, 2023 akiwa na Padres, lakini mwaka huohuo aliongoza ligi zote mbili kwa kuwapa wapigaji kituo cha kwanza bure kwa kurusha mipira nje ya eneo halali, mara 99, na timu zikaogopa kumpa miaka mingi. Machi 2024 akasaini miaka 2, milioni 62, na ruhusa ya kuondoka baada ya mmoja. Alianza vibaya mno, akaumia, kisha Agosti 2 akawanyima Cincinnati hata hiti moja (mpigo wa kumfikisha mpigaji kituoni) mechi nzima. Mwisho wa msimu akaondoka, Dodgers wakampa miaka 5 na milioni 182. Giants hawakubaki na mkataba mrefu shingoni.

Mimi ningetafuta mtu wa aina hiyo, ila wa bei ya chini: katoka kwenye majeraha, anataka kurudisha jina, mwaka mmoja au miwili. Akirusha vizuri, Julai nambadilisha kwa chipukizi wawili. Hao wa miaka 6 nitawatazama siku mpigaji wetu kijana James Wood na wenzake wakianza kushinda mechi 85.