Massey Ferguson 135: turbo au pistoni?

Kaka, umeuliza kama hiyo trekta 135 ya mzee uifunge turbo, yaani kifaa cha kusukuma hewa zaidi kwenye injini, ili ivute plau vizuri huko Muheza. Turbo achana nayo. Injini yake ya Perkins ya silinda 3, lita 2.5, ilitoka kiwandani na nguvu za farasi kama 45 tu, na klachi na giaboksi vilipimwa kwa hizo hizo. Kwanza rudisha nguvu zilizopotea. Pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda; ikiwa chini, nunua seti ya slivu (kuta za ndani za silinda), pistoni na ringi za saizi ile ile. Halafu nozeli na pampu ya dizeli peleka kwa fundi mwenye mashine ya kupimia, siyo wa kukisia kwa sikio.

Akikwambia "naifungulia pampu kidogo", yaani imwage dizeli zaidi, mkatalie. Mimi nilikubali: moshi mweusi mpaka kwenye nguo za jirani, na gasketi ya hedi ikaungua kabla msimu haujaisha.

Ila kabla hujatoa hata shilingi, fungua bakuli la oili chini ya chujio la hewa. Langu nililikuta limejaa tope jekundu la shamba la mkonge, zito kama uji. Nililiosha kwa dizeli, nikatia oili mpya, trekta ikabadilika hata sauti.