Kabla hujanunua bolti nyingine za flaiwili

Kijana mmoja wa Mombasa ameniandikia wiki hii. Impreza yake ya turbo, yenye injini ya EJ20 iliyoongezwa busti, yaani msukumo wa hewa ya turbo, imekata kwa mara ya pili bolti za flaiwili, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini. Anataka kujua ni duka gani pale Kirinyaga Road, Nairobi, linauza bolti ngumu zaidi. Ndugu yangu, swali hilo nimelisikia hadi nimelichoka, na karibu kila anayeliuliza ameshaambiwa na fundi wake kuwa zile za kwanza zilikuwa feki.

Feki zipo, sikatai. Ila wengi hudhani bolti ndizo zinazobeba nguvu ya injini kuipeleka kwenye klachi. Kazi ya bolti ni kubana. Kinachobeba nguvu ni msuguano kati ya uso wa flaiwili na uso wa krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni. Gandamiza viganja vyako kwa nguvu kisha ujaribu kutelezesha kimoja, utanielewa. Mbano ukipungua, flaiwili huanza kucheza, na injini ya silinda 4 ikiwa kwenye resi 7,000 (mizunguko kwa dakika) inapiga mapigo 14,000 kwa dakika. Hapo hata bolti ya bei ghali itakatika, itachelewa tu.

Mteja wangu mmoja wa mbio za magari za otokrosi aliletwa na bredauni akiwa na tatizo hilihili. Gereji moja yenye jina kubwa ilikuwa imemuuzia bolti za kuagiza kutoka nje, zikakatika tena, kisha ikaanza kuwaambia watu kwamba mimi ndiye niliyeiharibu injini ile. Mimi niliyegusa turbo peke yake! Maneno yale yaliniuma, na bado yananiuma.

Sikubishana na mtu. Nilivipanga vipande vya bolti mezani nikavisoma. Vingi vilikuwa na uso laini wenye mistari ya kujipinda iliyoanzia ukingoni. Hicho ni chuma kilichochoka polepole kwa kupindwapindwa. Vichache vilikuwa na uso wa kijivu uliokwaruza; hizo ndizo bolti zilizobaki mwisho, zikaelemewa kwa mkupuo. Hakukuwa na hata moja iliyorefuka na kukonda shingoni, kwa hiyo habari ya kukazwa kupita kiasi ikafa hapohapo. Kwenye krenki nikakuta unga wa rangi ya kutu, dalili kwamba chuma kimekuwa kikisugua chuma. Matundu ya flaiwili yalikuwa yameanza kuwa ya mviringo mrefu.

Nikaigeuza flaiwili. Rangi nyeusi! Baada ya kuipeleka kuchongwa, mtu aliipulizia rangi ya kuzuia kutu mbele na nyuma, hadi pale inapokalia krenki. Rangi ikishapata joto na mtikisiko husagika, na unene unaopotea unaondoka na mbano. Niliweka flaiwili nyingine, nikasafisha krenki na nyuzi za bolti hadi zikakauka mafuta, nikapima kama uso unayumba, nikafunga bolti mpya 8 za kawaida za Subaru kwa kukingamanisha, hatua kwa hatua, hadi mkazo wa Nm 72 (nyutoni mita). Gari lile linakimbia mpaka leo. Ile gereji haijaniomba radhi, na wala siisubiri.

Vijana wetu wanapenda sana kununua. Busti imepanda, klachi ngumu imenunuliwa, lakini spana ya kupimia mkazo hakuna. Fundi anafunga flaiwili kwa mashine ya upepo na mwenye gari amesimama pembeni akipiga video. Kisha bolti ndiyo inalaumiwa. Tafuteni kilicholegeza! Huenda ni mafuta yanayovuja kwenye sili ya nyuma ya krenki, huenda presha pleti ya klachi haina usawa, huenda pini za kulenganisha injini na gia boksi zilipotea siku ya kubadilisha injini. Wenye injini za silinda 6 za 2JZ ya Toyota na RB26 ya Nissan, mliong'oa puli ya mbele yenye mpira mkaweka ya alumini tupu, krenki yenu ndefu haina tena cha kupoza msokoto wake.

Kijana wa Mombasa, usitupe vipande. Nipigie picha za nyuso zilizokatika, za krenki na za mgongo wa flaiwili, kabla hujafuta chochote. Na kama zimekatika bolti chache tu na injini bado inawaka, usiiwashe: flaiwili ikichomoka kwenye resi hupasua nyumba ya gia boksi, na miguu yako iko hapo karibu.