Sumaku inayoelea: anza na bomba, treni baadaye

Maonyesho ya sayansi yakikaribia, wanafunzi wangu wa fizikia huja na wazo lilelile: treni inayoelea juu ya sumaku. Huwa nawaambia treni isubiri. Ile ya Shanghai inaelea kwa sababu mitambo inapima pengo kati ya treni na njia yake na kurekebisha umeme wa sumaku zake muda wote. Sumaku za kawaida haziwezi. Mwingereza Samuel Earnshaw alilithibitisha kwa hesabu mwaka 1842: uzipange utakavyo, sumaku iliyotulia haikai hewani kwa kusukumwa na sumaku nyingine tu. Itateleza pembeni, au itapinduka na kunasa.

Kwa hiyo tunaipa mhimili. Nenda kwa fundi redio, omba sumaku mbili za duara zinazolingana kutoka kwenye spika mbovu ndogo, akubandulie na vyuma vilivyogandishwa juu na chini. Mhimili uwe bomba la plastiki la kupitishia nyaya za umeme, linaloingia kwenye tundu bila kubana. Chuma hakifai, kwani nacho kinavutwa na sumaku. Simamisha bomba kwenye kibao, vika sumaku ya kwanza, kisha ya pili. Zikinatana, geuza ya juu. Usiziache zigongane, zinavunjika kama kigae.

Wengi huishia hapo, na majaji wanapita zao. Mimi naona hapo ndipo kazi inapoanza. Gundisha duara la kadibodi juu ya sumaku inayoelea, lenye tundu la kupitisha bomba. Pima dukani vifuko vya mchanga vya gramu 50, uvipange viwiliviwili, kimoja kila upande, sumaku isiinamie upande mmoja. Kila ukiongeza viwili, pima kwa rula pengo kati ya sumaku; kabla ya kusoma gonga bomba kidogo, maana msuguano hudanganya. Pengo litapungua sana mwanzoni, kisha kidogokidogo: kani ya kusukumana hukua haraka sumaku zikikaribiana. Chora grafu, mkunjo utauona wazi.

Jiandae pia kwa swali hili: sumaku ikielea, uzito wake unakwenda wapi? Weka mradi wote kwenye mizani ya jikoni, juu ya gogo nene la mbao ili sumaku zisivuruge mizani. Soma sumaku ikielea, kisha igeuze inate, usome tena. Namba ni ileile. Sumaku ya chini inaisukuma ya juu, na yenyewe inasukumwa chini kwa kani hiyohiyo.