Usinunue hiyo modemu ya 56K kwa ajili ya DS Lite, angalia kufuli kwanza

Mdogo wangu wa Kihesa, Iringa, hiyo hela usiitoe. Umeandika kwamba mjomba kakuachia Nintendo DS Lite, mashine ya gemu ya mkononi, kuna mtu Mwanjelwa anakuuzia modemu ya zamani ya 56K, ile ya kupiga simu kwa laini ya mezani ili upate intaneti, kwa elfu sitini, laptopu unayo, na unauliza mambo mawili: waya gani uchukue ili DS ipige simu ipate intaneti, na gemu zipi bado zinachezeka mtandaoni. Nimesoma nikashindwa kukaa kimya, kwa sababu njia unayotaka kupita imeshanila.

Waya hakuna. DS Lite haina tundu la simu, haina USB, haina pa kuchomeka kebo ya mtandao. Ina nafasi mbili za kadi, tundu la chaja na tundu la spika za masikioni, basi. Njia yake pekee ya kutoka nje ni Wi-Fi, tena ile ya zamani, 802.11b, masafa ya 2.4 GHz tu. Na ulinzi inaoujua ni wa aina moja, WEP. WPA haiijui, WPA2 haiijui, yaani ulinzi mpya zaidi wa Wi-Fi. Hapo ndipo hela za watu zinapoteketea, siyo kwenye modemu.

Mwaka 2010 nilikuwa Uyole. Nilikuwa na modemu ya USB ya laini ya simu, zile za kuchomeka. Nazo ni za kupiga ukizifuatilia: kompyuta inaiamuru ipige *99#, kisha zinaongea kwa PPP, yaani utaratibu wa kuunganisha intaneti kwa laini ya simu, uleule wa modemu ya simu ya mezani. Intaneti ilikuwa inashika vizuri. Shida ni kwamba kompyuta yangu haikuwa na Wi-Fi. Nikaenda kwa muuza kompyuta mmoja mjini nikamweleza hatua kwa hatua: modemu iingie kwenye kompyuta, kompyuta igawe kwa Wi-Fi, DS ipokee. Akaniambia chukua laptopu ya Windows 7, inagawa yenyewe, DS itapokea bila shida. Nikauza viazi vya msimu mzima kwa lumbesa, kwa bei aliyoitaka dalali, bila kusubiri soko lipande. Nikampelekea laki sita.

Windows 7 inagawa kweli. Unaandika amri ya netsh wlan set hostednetwork, unaweka jina na nywila, mtandao unawaka. Ila mtandao huo unatoka na WPA2 tu. Hakuna mahali pa kuchagua WEP, wala pa kuuacha wazi. Nikaweka kadi ya Mario Kart DS, nikaingia sehemu ya kuweka mtandao, nikabonyeza kutafuta. Jina la laptopu yangu likatokea, mawimbi yamejaa, na pembeni kufuli la kijivu. Kijivu maana yake ni kwamba DS imeuona mtandao lakini haiwezi kuutumia. Jekundu ndilo la WEP, hilo litakuomba nywila. Hayo hakuna aliyeniambia. Nikawa nabadilisha jina, nabadilisha nywila, nanunua bando jipya nikidhani la kwanza limegoma, nakaa na DS mkononi karibu kabisa na laptopu, na kufuli ni lilelile la kijivu.

Nikamrudia. Akasema tatizo ni modemu, akaniuzia nyingine. Modemu! Kitu pekee katika mnyororo mzima kilichokuwa kinafanya kazi yake. Hasira yangu iko hapo mpaka leo. Kutojua si kosa, mambo ya DS na WEP ni wangapi wanayajua? Kosa ni kumtazama mtu aliyeuza mazao yake ukamwambia unajua. Angesema tu "sijawahi kujaribu" ningerudi nyumbani na hela yangu.

Sasa huyo muuzaji wako wa Mwanjelwa naye umeandika amekuambia Nintendo zinapiga simu, Japani walifanya. Ni kweli walifanya. Mwaka 2001 Nintendo walitoa huko kifaa cha kuunganisha Game Boy Color na Game Boy Advance na simu ya mkononi, na huduma hiyo ikafungwa mwaka 2002. Hiyo ni mashine nyingine, kifaa kingine, na huduma ambayo haipo tena. Anachukua ukweli wa Game Boy anaubandika kwenye DS ili modemu itoke dukani. Muulize hivi: "Ukiipiga, nani anapokea upande wa pili?" Modemu ya 56K inahitaji laini ya mezani yenye mlio na namba ya mtoa huduma inayoitika. Akijibu "nadhani", ondoka.

Kwa hiyo anza na mashine iliyo mkononi, kisha rudi nyuma kuelekea kwenye laini. DS inakubali nini? WEP au mtandao wazi. Nani anaweza kuitolea hiyo? Ukishapata jibu ndipo utafute modemu inayoingia hapo. Wauzaji wote wanakuanzishia upande wa modemu kwa sababu ndicho kilichopo mezani kwao.

Na usije ukadanganywa urudi Windows XP. XP inaweza kugawa intaneti, hilo halina ubishi, lakini kadi nyingi za Wi-Fi humo zinatengeneza mtandao wa kompyuta kwa kompyuta, na DS inataka kituo halisi cha Wi-Fi. Ndiyo maana Nintendo wenyewe walilazimika kuuza kifaa chao cha USB cha kuchomeka kwenye XP.

Kilichonitoa mimi ni ruta ndogo inayochomekwa modemu ya USB moja kwa moja, TP-Link TL-MR3420. Laptopu ikatoka kabisa kwenye mnyororo. Unaingia kwenye mipangilio yake, ulinzi unachagua WEP, nywila unaweka herufi 5 au 13 kamili, na unahakikisha haijawekwa kwenye "n", ile Wi-Fi mpya zaidi, peke yake, 802.11b iwe imeruhusiwa. Kufuli likawa jekundu, na DS ikashika mtandao.

Ila WEP ni ulinzi wa jina tu. Mwenye laptopu na programu ya bure anaivunja kwa dakika chache, na bando litaliwa na watu usiowajua. Usiiweke kwenye ruta ya nyumbani ambayo mama anatumia kwa mambo ya hela. Tumia ruta ya pembeni, ukimaliza kucheza izime.

Gemu: huduma ya Nintendo kwa DS ilifungwa tarehe 20 Mei 2014. Kuna seva za mashabiki kama Wiimmfi, unaingia kwa kubadilisha DNS, yaani anwani inayoielekeza DS kwenye seva, palepale kwenye mipangilio ya mtandao ya DS. Lakini hayo ni ya baadaye. Kabla hujatoa hata mia, chukua simu yako, washa hotspoti, chagua 2.4 GHz, sehemu ya usalama weka "Hakuna", kisha DS itafute. Simu nyingine zinakubali kasi ya DS, nyingine zinakataa, na jaribio ni la bure. Lifanye leo jioni, halafu andika hapa DS imeonyesha kufuli gani na simu yako ni aina gani, nitakuambia kama unahitaji ruta au huhitaji.