Usiache mafunzo ukiwa na njaa

Wiki ya tatu depo, kambi ya mafunzo ya makuruta, barua ya kuomba kuacha nilikuwa nimeshaimaliza kichwani. Kilichobaki ni kuomba kalamu. Mbio nashika mkia, kwata nakanyaga mguu wa kulia wenzangu wakiwa wa kushoto, na kosa langu linalipiwa pushapu na platuni nzima. Kuwasikia wenzako wakihesabu adhabu uliyowaletea wewe kunauma kuliko pushapu zenyewe.

Kuruta mmoja aliyerudishwa nyuma kutoka kundi lililotutangulia aliniambia, "Usiamue kuacha usiku, wala ukiwa na njaa. Kula kwanza." Nikadhani ananitania. Lakini nilipoanza kuhesabu milo badala ya wiki, kifua kilipungua kubana. Wiki tisa sikuziweza. Masaa manne hadi chakula cha mchana niliyaweza.

Kosa langu lilikuwa kungoja hamu, na alfajiri hamu haipo, hata kwa wale hodari. Nikaanza kujipangia usiku: buti chini ya kitanda, kamba zimelegezwa, soksi moja ndani ya kila buti, mkanda juu ya magwanda. Na sharti moja: filimbi ikilia, miguu iguse sakafu kabla sijawaza lolote. Baadaye sana nilisoma kwamba mwanasaikolojia Mjerumani, Peter Gollwitzer, aliandika mwaka 1999 kuhusu mipango ya namna hiyo, ya "likitokea hili, nitafanya hili," na jinsi inavyoishinda nia tupu. Mimi nilichokijua ni kwamba nimeacha kuwa wa mwisho kwenye mstari.

Kwenye maumivu sikuwa na akili hiyo. Malengelenge unayafunga unaendelea. Ila maumivu ya mfupa, yanayokaa sehemu moja na kuzidi kila ukikimbia, yapeleke kwa mganga wa kikosi siku hiyohiyo. Muundi wangu niliuficha kwa ujasiri wa kijinga, mpaka ufa mdogo ukawa jambo la kunipumzisha wiki kadhaa. Nami nikarudishwa nyuma. (Afande hakunifokea, na hilo ndilo lililonitisha.)

Kwenye kundi jipya, usiku wa pili, kijana wa kitanda cha jirani alikuwa akikunja nguo zake gizani, polepole, akiziingiza kwenye begi. Nikamuuliza kama amekula.