Mistari ya wima angani: usitie mafuta kwenye kamera ya ngoma

Swali: Nina kamera ya filamu ya panorama (picha pana), Horizon 202, niliyoinunua mkononi kwa mtu. Picha za Soko la Majengo zinatoka safi kabisa. Ila nikipiga Nyerere Square, au nikitoka kwenda Bahi kupiga uwanda, anga linatoka na mistari ya wima, mmoja mweupe, mwingine mzito. Fundi kaniambia ngoma, ile silinda yenye lenzi inayozunguka unapofyatua, imekauka, nitie matone mawili ya mafuta ya cherehani. Yapo mafuta yanayofaa zaidi ya hayo? (Msomaji, Area C, Dodoma)

Jibu: Hayapo. Si ya cherehani, si ya baiskeli, wala yale ya kopo la kupuliza ya kulegeza nati zenye kutu. Kama umeshatia, usiendelee kuifyatua kamera hiyo.

Fundi wako amepatia nusu. Ngoma kweli haizunguki sawasawa. Kila sehemu ya filamu hupata mwanga kwa muda ule tu ambao mwanya wa ngoma unaipitia, hivyo ngoma ikisita, pale panazidi mwanga, ikiruka, panapungua. Na usidhani sokoni mistari haipo. Ipo, ila imefichwa na miavuli, matenga ya nyanya na vichwa vya watu. Anga tupu la kiangazi halina cha kuifichia.

Kabla hujaihukumu ngoma, shika negativu yenyewe, yaani filamu iliyosafishwa, dhidi ya dirisha, achana na picha iliyoskaniwa. Kama mistari haionekani kwenye negativu, tatizo ni skana. Ikitoka nje ya fremu hadi kwenye matundu ya pembeni, kuna mwanga unaovuja, au dawa haikutikiswa vizuri wakati wa kusafisha filamu. Mstari unaokwenda kwa urefu wa filamu ni mkwaruzo wa mchanga. Ni ile ya wima, inayoishia ndani ya fremu, ndiyo ya ngoma. Ikikaa mahali palepale kila fremu, tafuta uchafu au jino bovu kwenye gia. Ikihamahama, mara nyingi ni grisi iliyozeeka.

Sasa hayo mafuta. Kamera hizi zilitoka kiwanda cha KMZ, Krasnogorsk, Urusi, na nyingi zilizopo sokoni zina zaidi ya miaka 20. Grisi yake imeganda. Ukidondosha mafuta mepesi, yanailainisha, ngoma inateleza, fundi anapokea hela yake, na rolo ya kwanza inatoka nzuri. Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Mafuta mepesi hayakai ulipoyaweka: yanatambaa hadi kwenye kingo za ngoma, yanalowanisha kitambaa cheusi kinachozuia mwanga, na mengine yanafika kwenye lenzi kama ukungu. Kisha linakuja vumbi la Dodoma. Juni hadi Novemba upepo hauachi kitu, na vumbi likikutana na mafuta linakuwa msasa. Gia iliyokuwa inahitaji kusafishwa tu sasa imelika, na jino la gia lililolika halirudi kwa kusafishwa. Kulipata jingine maana yake ni kununua kamera mbovu ya pili uifanye spea.

Dawa halisi ni kuifungua, kuosha gia kwa nafta (kiyeyusho chepesi cha kuondolea grisi) hadi grisi ya zamani iishe, kukausha, kisha kupaka grisi mpya ya vyombo vidogo, kiasi cha ncha ya pini, kwenye ekseli peke yake. Kazi hiyo si ya mezani kwako, na si ya fundi anayeanza kwa kuomba mafuta.

Wakati unamtafuta huyo fundi, badilisha namna ya kupiga. Kwenye 202, kasi za 1/60, 1/125 na 1/250 ya sekunde hutofautiana kwa upana wa mwanya. Ngoma inakwenda mwendo uleule. Mwanya wa 1/250 ndio mwembamba, kwa hiyo kila kusita kunajichora. Ule wa 1/60 ni mpana, unasawazisha. Ndiyo maana filamu ya ISO 400, inayonasa mwanga haraka, inakuumiza: kwa jua la saa sita mchana inakulazimisha 1/250 kwa f/16, tundu la lenzi dogo kabisa, na hata hapo mwanga umezidi karibu stopu moja, yaani karibu mara mbili ya unaotakiwa. Weka ISO 100, piga 1/125 kwa f/16. Ukitumia negativu ya rangi, 1/60 kwa f/16 nayo itavumilika. Piga fremu tatu za anga tupu, moja kwa kila kasi, uone tofauti.

Mistari ikipungua, usisahau pima maji iliyo ndani ya kitundu cha kutazamia. Uwanda wa Bahi ukiinamisha kamera kidogo tu unapinda kama bakuli, na hilo halina fundi.

Na kosa jingine ninaloliona kila mara: kupeleka kamera kwa wapiga pancha ipulizwe na kompresa. Upepo ule una maji na mafuta ndani yake, na nguvu yake inasukuma mchanga kwenye gia badala ya kuutoa. Nunua duka la dawa lile bomba la mpira la kusafishia masikio, jipya na kavu, upulize taratibu mgongo wa kamera ukiwa wazi na umeuinamisha chini. Ngoma usiisukume kwa kidole. Filamu badilishia ndani ya duka, si stendi upepo ukivuma, na uhakikishe imepita chini ya roli zote mbili kabla ya kufunga.

Kwa mnaotaka kununua: muuzaji akisema kamera ya ngoma "imefanyiwa sevisi", muulize ilifunguliwa au ilidondoshewa mafuta. Tazama kingo za ngoma kwa tochi, zikimetameta, rudisha. Usikubali kuonyeshwa picha za soko au za harusi. Omba negativu ya anga tupu, 1/250, na kama hana, lipia rolo moja mkapige wote wawili kabla ya kutoa hela.