Ushindi wa Michigan Kule Columbus, na Ushauri Wangu kwa Wahamiaji Wenzangu

Kijana mmoja aliyehamia Grand Rapids, hapa jimboni Michigan, akitokea Goma ameniandikia wiki hii kwamba, tangu Jumamosi ya tarehe 30 Novemba 2024, kazini kwake hakuna mazungumzo mengine isipokuwa futiboli ya Kimarekani, naye hukaa pembeni akiwasikiliza wenzake bila kuwa na neno la kuchangia. Anauliza aanzie wapi. Ndugu yangu, jibu langu ni hili: shika timu ya mahali unapoishi, jifunze mchezo wake, na usiiache inaposhindwa. Mengine yote nitakayoyaandika hapa yanatokana na hayo, na ninayaandika nikiwa na furaha ambayo haijapungua hata kidogo tangu siku ile.

Siku ile Chuo Kikuu cha Michigan kiliishinda Ohio State, chuo kikuu cha jimbo jirani la Ohio, 13 kwa 10, tena nyumbani kwao Columbus, mbele ya zaidi ya watu laki moja. Timu hizi zilikutana mara ya kwanza mwaka 1897, na tangu 1918 zimecheza kila mwaka, isipokuwa 2020 ambapo korona iliuzuia mchezo. Woody Hayes, kocha aliyeiongoza Ohio State kuanzia 1951 hadi 1978, hakupenda hata kulitaja jina la Michigan. Aliiita ile timu ya kaskazini. Hadi leo, wiki ya mchezo inapofika, wanafunzi wa Columbus huzifunika kwa utepe mwekundu herufi M zote zilizoandikwa kwenye majengo ya chuo chao. Sisi tuliolelewa kati ya Simba na Yanga hatuna haja ya kufundishwa maana ya watani wa jadi. Tofauti ni kwamba hawa hukutana mara moja tu kwa msimu, siku ya mwisho ya ratiba ya kawaida, kwa hiyo aliyeshindwa hana mzunguko wa pili wa kulipiza kisasi. Hubeba kichapo chake mwaka mzima.

Mimi nimekibeba. Mchezo wa kwanza wa watani hawa niliouangalia ulikuwa wa 2013, mwaka niliofika Ypsilanti, mji ulio karibu kabisa na Ann Arbor, kilipo Chuo Kikuu cha Michigan. Michigan walifunga zikiwa zimebaki sekunde 32, matokeo yakawa 42 kwa 41, kisha badala ya kupiga mkwaju wa pointi moja wa kusawazisha wakatafuta pointi mbili za ushindi, na pasi ikanaswa na wapinzani. Mwaka 2016 tulipoteza katika muda wa ziada wa pili, baada ya waamuzi kupima nafasi ya mpira na kuamua kwamba Ohio State wamefika pale walipotakiwa kufika. Mpaka leo wazee wa huku hawakubali kwamba walifika, na mimi nipo pamoja nao. Mwaka 2018 tulikwenda Columbus tukiwa na timu nzuri mno, tukarudi na 62 kwa 39. Jumatatu yake msimamizi wa zamu yetu, mzaliwa wa Ohio, alibandika karatasi yenye matokeo hayo kwenye mlango wa kabati langu la nguo, na kila aliyepita aliisoma kwa sauti. Sikuibandua. Niliona kwamba mwenye timu ndiye mwenye kichapo chake, na kwamba mtu anayevua fulana siku ya kushindwa hana haki ya kuivaa siku ya kushinda. Kwa jumla, kuanzia 2012 hadi 2019 Ohio State walitushinda mara nane mfululizo, na katika miaka hiyo baadhi ya wahamiaji wenzangu waliiacha Michigan na kuanza kushangilia timu yoyote iliyokuwa ikishinda. Leo hawana wanachokumbuka.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 2021 tuliwashinda 42 kwa 27 kwenye theluji, Hassan Haskins akifunga mara tano. Mwaka uliofuata tukashinda kwao, 2023 tukashinda kwetu, na Januari 2024 Michigan wakawa mabingwa wa taifa. Lakini kocha Jim Harbaugh akaondoka, wachezaji 13 wakachukuliwa na timu za kulipwa, na msimu wa 2024 chini ya kocha Sherrone Moore tulifika Columbus tukiwa tumeshinda michezo sita na kupoteza mitano. Wenyeji wetu walikuwa wa pili kwa ubora nchini, wakiwa na kikosi kilichotajwa kugharimu takribani dola milioni 20, na makampuni ya kubashiri yalikadiria kwamba wangetushinda kwa pointi zipatazo 20.

Niliuangalia mchezo sebuleni kwa jirani yangu, mzee aliyestaafu katika kiwanda cha magari, ambaye ndiye aliyenifundisha mchezo huu. Ninachotaka ukizingatie hapa, ndugu yangu, ni alichonifundisha kwanza: usiufuate mpira kwa macho, waangalie wale wanene wa mstari wa mbele. Ukiufuata mpira, siku ile ungeona kijana wetu Davis Warren akirusha pasi zilizoleta yadi 62 tu na mbili zikinaswa, ukakata tamaa. Lakini katikati ya mstari wa ulinzi, Mason Graham na Kenneth Grant walikuwa wakiwasukuma nyuma watu wa mstari wa mbele wa Ohio State, tena na tena, hata wakimbiaji wenye sifa kubwa wakakosa pa kupita. Mzee alikuwa akiniambia, bado robo ya tatu haijaisha, kwamba mchezo huu ni wetu tukivumilia.

Katika robo ya nne, matokeo yakiwa 10 kwa 10, Michigan walikuwa katika jaribio la tatu wakihitaji yadi sita (timu hupewa majaribio manne ya kuusogeza mpira yadi kumi, la sivyo huukabidhi kwa wapinzani). Kalel Mullings akapokea mpira, akaonekana kukwama katika rundo la miili, akachomoka upande wa pili na kukimbia yadi 27. Muda ukaachwa upite, kisha Dominic Zvada akaja kupiga mkwaju wa yadi 21, wenye thamani ya pointi tatu. Mzee aligeuza uso ukutani, kofia yake ameikamata kwa mikono miwili kifuani, akanitaka nimwambie kitakachotokea. Nilimwambia umeingia. Zilikuwa zimebaki sekunde 45, na Ohio State hawakufika popote. Mke wa mzee alitoka jikoni na bakuli za supu nzito ya nyama na maharage, tukala tukiwa tumesimama, kwa sababu hakuna aliyeweza kukaa.

Jambo moja lilinisikitisha. Baada ya mchezo wachezaji wetu walijaribu kuisimika bendera yao katikati ya uwanja wa wenyeji, ugomvi ukazuka, polisi wakapuliza dawa ya pilipili, na vyuo vyote viwili vikatozwa faini ya dola 100,000 kila kimoja. Furahi kwa sauti, imba, mtumie mtani wako ujumbe wa utani hata usiku wa manane, lakini usimkanyagie nyumba yake. Nilipokutana na yule msimamizi wa zamu, ambaye sasa yuko idara nyingine, nilimpa mkono na kumuuliza hali ya watoto. Karatasi sikuandika, ingawa maneno ya kuandika nilikuwa nayo.

Basi, kijana wangu wa Grand Rapids, fanya hivi. Mtafute mtu mmoja kazini aliyeishabikia Michigan katika miaka ile minane, umwombe muangalie pamoja, kwa kuwa hao ndio wanaoujua mchezo na ndio watakaokupokea. Uliza bila haya: majaribio manne, yadi kumi, na ukishaelewa hayo mawili umekwisha kuelewa sehemu kubwa. Usingojee tiketi ya mchezo wa Ohio State, ni ghali mno. Nenda Ann Arbor mwezi Septemba timu ndogo inapokuja, tiketi huwa nafuu, na uwanja ule wa watu 107,601 utauona vizuri hata ukikaa juu kabisa. Vaa buluu na njano. Na msimu ujao tukianza vibaya, usinitumie ujumbe wa kuniuliza ni timu gani nyingine inayofaa.